"Kwetu Hakuna Moyo": Moshi, Nasaba na Maneno Niliyochoka Kuyasikia

Wiki tatu zilizopita nilimpima presha mama mmoja wa mtaa wa Langoni, hapa Lamu, muuza mahamri. 168 kwa 102, imepanda sana. Leso yake ilinuka moshi mpaka mlangoni, na masizi yalikuwa yamejaa kwenye mikunjo ya vidole. Huanza kukaanga saa kumi ya alfajiri kwa kuni na vifuu, ndani ya kijumba cha chini ya ngazi kisicho na dirisha. Nilipomwambia moshi ule unamla moyo, alicheka.

"Mwanangu, kwetu hakuna moyo. Babu yangu alichoma chokaa umri wake wote, kafa na miaka 90."

Karibu kila siku ya kliniki ya presha nalisikia neno hili, yaani ukoo wao haushikwi na ugonjwa wa moyo, tena kwa fahari, kama mtu anayetaja shamba la minazi alilorithi.

Haya, tuhesabu ukoo. Mjukuu huchukua kwa babu mmoja robo tu ya vinasaba vyake, kwa wastani. Robo tatu zimetoka kwa wazee wengine watatu, na hao hawatajwi. Nilipomuuliza habari za bibi yake mzaa mama, aliniambia alianguka jikoni siku ya mfungo, hata umri wa kuzeeka hakuufikia. "Siku yake ilikuwa imefika." Basi ndivyo tunavyoweka hesabu: aliyefika 90 ni ushahidi wa damu ya ukoo, aliyeanguka ghafla ni kudura. Hata ndugu wa tumbo moja hushirikiana nusu tu ya vinasaba, tena kwa wastani. Hakuna moyo wa ukoo mzima.

Sisemi kwamba jeni, yaani vinasaba hivyo, hazina lao. Zinalo. Kuna jeni iitwayo GSTM1, inayosaidia mwili kutengeneza kimeng'enya cha kuondoa sumu. Baadhi ya watu wamezaliwa bila jeni hiyo kabisa. Kwa watu wa asili ya Ulaya ni kama nusu yao. Mwaka 2005 watafiti wa Boston, Marekani, walitoa matokeo ya wanaume wazee waliopimwa mapigo ya moyo. Chembe laini za moshi na vumbi zilipozidi hewani, wasio na jeni hiyo mioyo yao ilipoteza ule uwezo wa kupunguza na kuongeza kasi kidogo kidogo, ambao ni dalili ya moyo wenye afya. Waliokuwa nayo hawakuonyesha badiliko hilo.

Hapo ndipo mgonjwa wangu angesema, "Si ndiyo nilivyokwambia?"

Hapana. Kilichopimwa pale ni njia moja tu ya moshi kuumiza moyo. Chembe ninazozisema hazifiki upana wa maikromita 2.5 (maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na unywele wa kichwani una kama 70. Zinafika ndani kabisa ya mapafu, nyingine hupenya hadi kwenye damu. Mishipa inavimba kwa ndani na kukakamaa, damu inakuwa rahisi kuganda, utando wa mafuta uliokuwa umetulia unapasuka. Jeni njema ni kama jahazi lililotiwa kalafati sawasawa: maji yanachelewa kuingia. Ukilijaza mawe kila alfajiri litazama tu.

Na kuna jambo linaloniudhi zaidi. Tofauti zile zilionekana kwa hewa ya mitaani Boston. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani tangu 2021 ni maikrogramu 5 za chembe hizo kwa mita moja ya ujazo, wastani wa mwaka. Jiko la kuni lililofungiwa ndani hupandisha mpaka mamia wakati wa kupika. Unajivunia jeni ambayo huna hakika kama unayo, ndani ya moshi ambao wazee wa Boston hawakuuonja.

Wako na wa upande wa pili: "Baba alikufa kwa moyo, nami ni wa kurithi, nitafanyaje?" Wewe ndiye wa kwanza kutoka kwenye moshi, bwana. Na umeze dawa ya presha.

Kijana mmoja aliniambia ana damu ya kundi O, kwa hiyo yuko salama. Habari hii imetoka Utah, Marekani, 2017: hewa ikishachafuka sana, kila maikrogramu 10 za chembe hizo zinazoongezeka hupandisha hatari ya shambulio la moyo kwa asilimia 25 kwa makundi mengine na 10 kwa O. Kumi si sifuri.

"Moshi ni wa kifua." Nimeshaeleza hapo juu.

"Maziwa yanaosha moshi." Maziwa huenda tumboni.

"Lamu hatuna magari, tuna punda." Tuliandamana kukataa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, na Juni 2019 mahakama ya mazingira ikafuta leseni yake. Vizuri sana. Kisha tukarudi nyumbani kuchoma plastiki uani. Hata udi, nami naupenda, ni moshi, fungueni madirisha.

Wazee waliojenga nyumba za mawe waliweka jiko ghorofa ya juu kabisa. Sisi tumelishusha chini ya ngazi. Kama gesi haijapatikana, lipandisheni tena, ila chini ya paa la bati, msije mkawasha makuti ya mtaa mzima.

Jumanne alirudi yule mama. 148 kwa 92. Mwanawe amempandishia jiko juu, naye analalamika kusi inampulizia majivu kwenye unga. Nikamwambia ageuze mdomo wa jiko. Nikamuuliza kile kijumba cha chini kiko wazi sasa.

"Anapikia mdogo wangu," akasema. "Yeye hana neno, daktari. Kafanana na babu."