Shida ya Columbus haikuwa umbo la dunia: ni ukubwa wake, na upepo wa kurudi

Kuna sentensi inayorudi kila mwaka Oktoba ikikaribia: eti Christopher Columbus alisafiri mwaka 1492 kuthibitisha kwamba dunia ni mviringo, na mabaharia wake walitetemeka wakiogopa kudondoka ukingoni. Naikuta kwenye video fupi, kwenye vitabu vya watoto, na sasa hata kwa watu waliosoma historia hadi chuo kikuu. Uvumilivu umeniishia. Kosa hili linafukia jambo zito zaidi na tamu zaidi, kwa hiyo leo nitaandika kwa urefu.

La umbo tulimalize haraka. Aristotle alishaeleza kwamba mwezi unapopatwa, kivuli cha dunia kinachouangukia kina ukingo wa mviringo. Eratosthenes, karne ya 3 KK, alilinganisha jua la utosi kule Aswan na kivuli cha mchana huohuo Alexandria, akapata tofauti ya sehemu 1 ya 50 ya duara zima, na hapo akakisia mzingo wa dunia. Wanafalaki wa khalifa al-Ma'mun wakapima upya karne ya 9. Vyuo vikuu vya Ulaya vilikuwa vikifundisha kwamba dunia ni tufe tangu karne ya 13. Hadithi ya wasomi wajinga wanaobishana na shujaa mmoja ilienezwa sana na mwandishi Mmarekani Washington Irving, katika wasifu wa Columbus aliouchapisha mwaka 1828. Basi.

Sasa twende kwenye penyewe. Malkia Isabella wa Kastilia aliunda tume chini ya padri wake wa maungamo, Hernando de Talavera, kuchunguza pendekezo la Columbus. Tume ilikataa. Wataalamu wa mfalme João II wa Ureno nao walikuwa wamekataa kabla yake. Sababu kubwa ilikuwa masafa: njia ni ndefu mno, hakuna chombo kitakachobeba maji na chakula cha kutosha. Watu hawa wamechekwa kwa karne mbili, na walikuwa sahihi. Aliyekosea hesabu ni Columbus.

Alikosea vipi? Hapa ndipo vitabu vya shule hupita mbio, na ndipo penye mafunzo. Ukitaka kujua umbali wa kwenda Asia kwa njia ya magharibi unahitaji namba mbili: digrii moja ya mzingo wa dunia ina urefu gani, na Ulaya na Asia kwa pamoja zimechukua digrii ngapi kati ya 360. Zinazobaki ndizo bahari.

Kwa namba ya kwanza, Columbus alimtegemea mwanafalaki al-Farghani, aliyeandika kwamba digrii moja ni maili 56 na theluthi mbili. Al-Farghani alikuwa akizungumzia maili ya Kiarabu, yenye karibu mita 1,970. Zidisha: unapata takriban kilomita 111.6, na kipimo cha leo ni kilomita 111 na ushee. Kazi safi kabisa. Columbus aliisoma namba hiyohiyo kana kwamba ni maili za Kiitaliano, zenye karibu mita 1,480. Zidisha tena: kilomita 84. Kwa kuchanganya kipimo tu, dunia ikanywea robo nzima.

Namba ya pili akaivuta upande wa pili. Tangu ncha ya Ureno hadi pwani ya China ni karibu digrii 130. Ptolemy, mwanajiografia wa kale, alikuwa ameandika 180, tayari amezidisha. Columbus akamwacha akamfuata Marinus wa Tyre, mwanajiografia mwingine wa kale, aliyesema 225. Juu yake akaongeza digrii 28 kwa sababu ya nchi alizozieleza Marco Polo, kisha 30 nyingine hadi Japani, ambayo Marco Polo aliiweka mbali baharini mashariki ya China. Kila palipokuwa na namba mbili alichukua ile inayoifanya bahari iwe ndogo. Mwishowe akawa na safari ya kama kilomita 4,400 kutoka Visiwa vya Kanari hadi Japani, wakati masafa halisi yanapita kilomita 19,000. Ukiiweka Japani yake kwenye ramani ya leo, inaangukia karibu na Visiwa vya Virgin katika Karibi.

Nikiri jambo ambalo waandishi wengi hulinyamazia: hakuna karatasi ya hesabu hii iliyobaki. Imeungwa na watafiti kutokana na maandishi ya pembezoni mwa vitabu vyake, na maelezo ya mwanawe Ferdinand na ya padri na mwandishi wa historia Bartolomé de las Casas. Hata hayo ya pembezoni, baadhi ya watafiti huona ni mkono wa mdogo wake Bartholomew. Picha ya jumla inasimama, lakini anayekupa hesabu hii kana kwamba aliikuta imeandikwa safi anakuzidishia uhakika.

Kwa nini masafa ni hoja ya kufa na kupona? Angalia mwendo wenyewe. Tangu kisiwa cha Hierro, kimojawapo cha Kanari, kilipopotea machoni tarehe 9 Septemba hadi kuonekana kwa nchi kavu usiku wa kuamkia tarehe 12 Oktoba zilipita siku 33, kwa karibu kilomita 5,700. Kwa kasi hiyo, kilomita 19,000 ni siku 110, kama upepo haukukutupa. Tunajua bahari inafanya nini kwa watu wa muda huo, kwa sababu Magellan aliivuka Pasifiki kuanzia mwishoni mwa Novemba 1520 hadi Machi 1521, siku karibu 100 bila chakula kibichi. Antonio Pigafetta, aliyekuwemo, ameandika kwamba biskuti ziligeuka unga wenye funza unaonuka mkojo wa panya, na maji yakawa ya manjano. Walivua ngozi za ng'ombe zilizofunikwa kwenye foromali, wakaziloweka baharini siku nne au tano, wakazichoma na kuzila. Watu 19 walikufa kwa kiseyeye. Hicho ndicho tume ya Talavera ilichokiona mapema. Columbus aliokolewa na bara ambalo hakulijua, na lililokuwa na watu wake tayari.

Na mabaharia? Waliogopa kweli, ila soma walichoogopa. Daftari la safari, tarehe 22 Septemba, linasema upepo wa mbisho uliovuma siku ile ulimfaa sana Columbus, kwa kuwa watu wake walikuwa wameanza kuamini kwamba bahari hizi hazina upepo wa kuwarudisha Hispania. Hawa ni watu wa kazi. Wameona wiki mbili tanga limejaa kutoka nyuma, wamefanya hesabu ambayo baharia yeyote angefanya: kinachotusukuma hivi, kitatuzuia hivyohivyo.

Msomaji wa Lamu au Unguja amezoea bahari ambayo upepo wenyewe hugeuka. Kaskazi ikupeleke, ungoje, kusi ikurudishe. Atlantiki haiko hivyo. Kuzunguka latitudo ya 28 kaskazini, zilipo Kanari, na kushuka chini, pepo huvuma kutoka kaskazini-mashariki kwa sehemu kubwa ya mwaka. Panda hadi 35 au 40 na utakuta pepo za kutoka magharibi. Upepo wa kurudi upo, ila uko mahali pengine, na lazima uufuate huko. Wareno walishajifunza hili wakirudi kutoka Guinea: badala ya kung'ang'ana na pwani, walitoka kaskazini-magharibi hadi bahari kuu, wakaukuta upepo wa visiwa vya Azores, ndipo wakageuka nyumbani. Columbus alikuwa ameishi Porto Santo, kisiwa cha Wareno katika Atlantiki, na ameshafika ngome ya Mina kwenye pwani ya Ghana ya leo, kwa hiyo aliijua njia hiyo kwa mwili wake.

Ndiyo maana alishuka kwanza Kanari badala ya kukata moja kwa moja magharibi kutoka Palos, bandari ya Hispania alikoanzia safari. Hukohuko Kanari usukani wa Pinta, kimojawapo cha vyombo vyake vitatu (vingine ni Niña na Santa María), ulitengenezwa, na chombo kimoja kikabadilishwa tanga la pembetatu kikawekewa tanga la mraba. La pembetatu ni zuri kwa kukaribia upepo. Upepo ukiwa wa nyuma kwa wiki nzima, foromali yake ndefu inakuwa ya kuhangaisha na kugeuza tanga ni hatari. Wengi tunasema kilichobadilishwa ni Niña, tukimfuata Ferdinand, ingawa nakala ya daftari tuliyonayo imeandika Pinta.

Na hilo daftari ni nakala ya muhtasari. La asili lilipotea, tulilo nalo ni alichodondoa Las Casas, sehemu akinukuu, sehemu akieleza kwa maneno yake. Kila ninaposoma mtu akilitumia kama rekodi ya meli iliyofungwa kwa lakiri, napata uchungu.

Mfano ni ile hesabu ya aina mbili. Inasemekana Columbus aliweka masafa ya kweli kwake na akawatangazia watu masafa mafupi ili wasiogope. Huenda. Lakini elewa masafa yalipatikanaje. Hakukuwa na kamba ya kupimia kasi. Chombo hicho hakijulikani katika maandishi hadi mwaka 1574. Nahodha alitazama povu na magugu yakipita ubavuni, akakisia. Muda ulihesabiwa kwa saa ya mchanga ya nusu saa, ikigeuzwa na kijana wa zamu mara nane kwa kila zamu ya saa nne. Kijana akisinzia dakika tano usiku, zimekwenda. Akiigeuza mapema apate kulala, zimeongezeka. Mwelekeo ulitoka kwenye dira, ambayo tarehe 13 Septemba waligundua haielekei sawasawa na nyota ya kaskazini. Unachanganya makisio hayo matatu, unachora nukta kwenye ramani, na kesho unaanzia kwenye nukta hiyo pamoja na makosa yake yote. Watafiti waliorudia njia yake wameona kwamba Columbus alizidisha masafa, kiasi kwamba namba "za uongo" alizowapa mabaharia zilikaribia ukweli kuliko zake za siri. Wapo pia wanaodhani hakukuwa na uongo wowote: alikuwa anabadili ligi (kipimo cha masafa baharini) za kipimo kimoja kuwa za kingine, na Las Casas hakumwelewa. Maelezo haya ya pili yananivuta zaidi, japo hayajathibitika.

Kwa nyota hakuwa hodari. Novemba, akiwa pwani ya kaskazini ya Cuba, alipima latitudo kwa kwadranti, kifaa cha kupimia urefu wa nyota juu ya upeo, akapata digrii 42. Pale ni kama 21. Kosa la ukubwa huo lingekuweka usawa wa Boston. Wengine husema alisoma mistari isiyo yake kwenye kwadranti, wengine kwamba alilenga nyota siyo. Lililo wazi ni kwamba alifika na kurudi kwa dira, makisio na kuujua upepo.

Kurudi kulikuwa kugumu kuliko kwenda. Santa María ilipanda mwamba usiku wa Krismasi kwenye pwani ya Haiti ya leo, watu 39 wakaachwa huko. Niña na Pinta ziliondoka tarehe 16 Januari 1493, zikapanda kaskazini hadi kwenye pepo za magharibi kama mpango ulivyotaka. Kisha katikati ya Februari, karibu na Azores, dhoruba. Niña ilikuwa nyepesi kupita kiasi: chakula kimeliwa, maji na divai vimenyweka, na uzito wa kuishikilia chini umeondoka navyo. Columbus anakiri katika daftari kwamba alipaswa kupakia farumi na hakupakia. Walijaza mapipa matupu kwa maji ya bahari. Hilo liliwasaidia.

Wareno waliitumia elimu hiyohiyo ya upepo upande wa kusini. Mwaka 1497 Vasco da Gama alizunguka Atlantiki miezi mitatu bila kuona nchi, mara karibu tatu ya siku za Columbus, kabla ya kufika kusini mwa Afrika na hatimaye Malindi Aprili 1498. Pedro Álvares Cabral alipoufungua mzunguko huo zaidi, akaigusa Brazil tarehe 22 Aprili 1500, na miezi michache baadaye msafara huohuo ulikuwa Kilwa. Da Gama mwenyewe alivuka kutoka Malindi hadi karibu na Calicut, India, kwa chini ya mwezi mmoja, na rubani aliyepewa Malindi. Aliporudi kabla ya kaskazi kukomaa, safari ilimchukua karibu miezi mitatu na kiseyeye kikaua watu wengi.

Columbus hakuiacha hesabu yake. Juni 1494, katika safari ya pili, akiwa amefuata pwani ya kusini ya Cuba na kubakiza masafa mafupi kufika ncha yake ya magharibi, aligeuza vyombo na kuamuru mthibitishaji awaapishe mabaharia kwamba Cuba ni bara. Atakayekana baadaye atozwe maravedi 10,000 (sarafu ya Hispania) na akatwe ulimi. Cuba ikiwa kisiwa, Asia yake haipo pale namba zake zinaposema. Na mwaka 1498, mbele ya maji yasiyo na chumvi ya mto Orinoco, Amerika ya Kusini, yanayomiminika baharini, mtu huyu tunayeambiwa alithibitisha kwamba dunia ni mviringo aliwaandikia wafalme wake kwamba haiko mviringo kamili: ina umbo la peasi, na kwenye kichomozo chake ndipo ilipo bustani ya Edeni.

Kati ya walioapishwa ile 1494 alikuwemo mchora ramani Juan de la Cosa. Ramani yake ya dunia ina tarehe ya mwaka 1500, miaka minane kabla ya Sebastián de Ocampo kuizunguka Cuba kwa chombo, na wapo wanaoshuku kwamba sehemu zake ziliongezwa baadaye. Cuba imo humo, na imechorwa kisiwa.