Je, wajua? Mtoto aliyeshiba uji bado ataamka kunyonya

Ukiwa Mtwara au Lindi na mwanao wa mwaka na nusu bado ananyonya kila akigeuka usiku, ushauri wa kwanza utakaopewa ni wa tumbo: huyo hashibi, mwongeze uji. Upikwe mzito, utiwe karanga, anyweshwe karibu na kulala. Wamarekani nao walikuwa na uji wao wa usiku. Waliutia kwenye chupa.

Ila uji huo umepimwa. Mwaka 1989 watafiti wa Marekani waliona kuwa watoto waliopewa nafaka kabla ya kulala hawakulala vizuri kuliko wenzao. Mwaka 2015 watafiti wa Swansea, Wales, waliwauliza akina mama zaidi ya 700 wenye watoto wa miezi 6 hadi 12, wakapata jambo la ajabu zaidi: watoto waliokula na kunyonya sana mchana walinyonya kidogo usiku, lakini kuamka waliamka vilevile. Yaani chakula kiligusa kunyonya, kuamka hakikukugusa. Haki isemwe, utafiti wa Uingereza wa mwaka 2018 uliona walioanzishiwa chakula mapema wakilala zaidi kidogo. Kidogo chenyewe ni kama robo saa kwa usiku mzima.

Usingizi huenda kwa mizunguko: wa mtoto mchanga dakika 50 hivi, wa mtu mzima karibu 90. Kila mzunguko ukiisha mtu huzinduka kidogo, hata wewe, ila asubuhi hukumbuki.

Fikiria abiria wa basi la Dar kwenda Mtwara. Amesinzia kwa mtikisiko na mngurumo. Basi linasimama Nangurukuru, kimya, naye anafumbua macho. Hakuamshwa na njaa. Kilichomlaza ndicho kimeondoka. Muuzaji akimpitishia korosho dirishani atatafuna, na ukimtazama utasema alikuwa na njaa. Basi likiondoka, analala tena. Mtoto aliyelala na titi mdomoni akizinduka bila titi, yuko Nangurukuru.

Tahadhari: tafiti nyingi za jambo hili ni za nchi ambako mtoto hulala chumba chake. Kwetu analala na mama chandarua kimoja, harufu ya maziwa puani, kwa hiyo usitegemee mambo yaende kwa kasi ileile.

Kwa kuwa kinachomwamsha si njaa, shubiri na mwarobaini vinavyopakwa titini hukwama. Vinamfukuza titini, lakini bado ataamka, sasa akiwa na hasira. Anza na namna anavyolala. Mnyonyeshe mapema jioni, kisha mwoshe, mwimbie, alale akipigwapigwa mgongoni. Usiku fupisha kila zamu ya kunyonya kidogo kidogo, uondoe moja baada ya nyingine, baba au bibi akipokea zamu ya kumbembeleza. Akihamia kwa bibi, hakikisha na huko kuna chandarua. Akiwa na homa, ahirisha.

Mwendo wa polepole unamfaa mama pia: maziwa yakibaki titini, mwili hupunguza kutengeneza. Ukikatisha ghafla yanajaa, na titi linaweza kuvimba na kuleta homa. Pia homoni ya maziwa, prolaktini, hupanda zaidi usiku, na kunyonyesha usiku huchelewesha hedhi kwa wengi. Ukiacha, ulizia uzazi wa mpango kliniki. Mchana endelea, Shirika la Afya Duniani linashauri kunyonyesha hadi miaka 2 au zaidi. Na haya yote si ya mtoto wa chini ya miezi 6, huyo usiku ananyonya kwa haki yake.

Kuna wakati bibi anayeshauri uji anakaribia ukweli. Msimu wa korosho mama anashinda shambani, mtoto kabaki nyumbani, na maziwa aliyoyakosa mchana anayadai usiku. Huyo mnyonyeshe alfajiri kabla ya kutoka na mara tu ukirudi, na kazi ya kumwachisha usiku isubiri korosho ziishe.