Je, wajua? Kwa nini mafuta ghafi yakichanganyika na maji huzidi uzito badala ya kuzimuka

Tangu Zanzibar itie saini mkataba wa kitalu cha mafuta na gesi cha Pemba–Zanzibar na kampuni ya RAK Gas mwaka 2018, habari za visima hazikauki barazani. Hoja moja hupita bila ubishi: mafuta ghafi yakiwa mazito, yatiwe maji, yatazimuka kama uji na kupita bombani.

Hayazimuki. Uji hukubali maji kwa sababu huingiana nayo. Maji yakipigwa ndani ya mafuta ghafi hukatikakatika tu yakawa vitone, vingi vyembamba kuliko unywele. Chembe nzito za mafuta yenyewe, ziitwazo asfalteni, hujipanga juu ya kila kitone na kukiwekea ngozi, ndiyo maana vitone vikigongana haviungani. Mchanganyiko huo ni emalsheni, na ukifika nusu maji unaweza kuwa mzito mara kadhaa kuliko mafuta yasiyo na maji hata tone. Umetia kitu chepesi, umepata kizito.

Jambo la kuuliza ni nani yuko nje. Tui la nazi nalo ni emalsheni, lakini ndani yake mafuta ndiyo vitone, maji yamevizunguka, na protini za nazi ndizo ngozi. Tui zito ukilitia maji hulainika papo hapo, kwa kuwa maji mapya hujiunga na maji yaliyo nje na vitone vikapata nafasi. Mafuta ghafi mara nyingi ni tui lililopinduliwa: mafuta yako nje, maji yako ndani. Maji unayoongeza hayana wa kujiunga naye. Yanageuka vitone vingine, msongamano unazidi, na mafuta yanalazimika kuzunguka kila kitone kupitia vipenyo vinavyozidi kubana. Huko kubanana ndiko uzito wenyewe.

Einstein alilipigia hesabu jambo hili mwaka 1906, kwa tembe ngumu zilizotawanyika katika kimiminika. Jibu lake lilikuwa na kosa, likasahihishwa mwaka 1911: tembe zikichukua asilimia 1 ya ujazo, mnato, yaani uzito wa kimiminika katika kutiririka, hupanda kwa asilimia 2.5. Hesabu hiyo ni ya tembe chache zisizobonyea. Vitone vya maji hubonyea, na vikisongamana mnato hupanda kwa kasi kubwa zaidi.

Ukizidi kuongeza maji, hufika mahali mchanganyiko ukajipindua: maji yanatoka nje, mafuta yanakuwa vitone, na mnato unaporomoka ghafla. Venezuela ilifika huko kwa makusudi. Fueli yake ya Orimulsion ilikuwa takriban asilimia 70 lami na 30 maji, na dawa kidogo ya aina ya sabuni iliyoyaweka maji nje. Lami isiyosogea kwa urahisi ikasukumwa kwa pampu, ingawa maji yalikuwa machache.

Ndani ya mwamba mambo ni mengine. Huko hakuna ziwa la mafuta. Yamo katika vitundu vya jiwe, vidogo mno kuliko vile vinavyoonekana kwenye kuta za mawe ya matumbawe za Mji Mkongwe. Kitone kikikuta koo jembamba kuliko chenyewe lazima kijikunje. Kwa koo la nusu-kipenyo cha mikromita 5, kukipenyeza kunaweza kudai presha ya kama paskali 10,000, sawa na maji ya kina cha mita 1. Kwa kitone kimoja si kitu, ila vinapanga foleni kwa maelfu. Presha isipotosha, kitone hukwama na kuziba njia.

Kuziba huko kuna faida yake. Maji yanayosukumwa kisimani ili yayatoe mafuta mwambani hupenda kupita penye njia pana na kuyaacha mafuta nyuma. Mwaka 1973 mtafiti Clayton McAuliffe alionyesha kuwa vitone vya emalsheni huziba njia pana hizo na kuyageuzia maji kwingine. Matokeo ya kipande cha jiwe maabarani, hata hivyo, hayapimi moja kwa moja mwamba wa kilomita nzima.

Kama emalsheni huzaliwa yenyewe chini huko, ushahidi ni haba, maana kimiminika ndani ya mwamba hutambaa polepole. Sehemu kubwa hupigwa baadaye, kwenye pampu na hasa kwenye vali, ambako presha hushuka ghafla. Ndipo mafuta hupashwa moto, hutiwa dawa ya kuvunja ngozi, au hupitishwa kwenye umeme ili vitone viungane na maji yashuke chini.