Vishada 12 vya nembo ya askofu si Mitume 12

Kila anapoteuliwa askofu mpya, naletewa maelezo ya nembo yakiwa yameshaandikwa, na lazima mstari huu uwemo: "Vishada 12 ni Mitume 12." Vishada ni vile vifundo vya nyuzi vinavyoning'inia pande mbili za ngao. Nimechora nembo za maaskofu miaka mingi, na hili limenichosha. Hebu hesabu vya askofu mkuu: 20. Vya kardinali: 30. Hao nao ni mitume gani?

Vishada vinaonyesha cheo, basi. Tazama ile kofia pana ya kijani juu ya ngao. Kamba zinashuka pande zote mbili, na kila upande kishada kimoja kiko juu, chini yake viwili, kisha vitatu. Sita huku, sita kule: huyo ni askofu. Ukiongezeka mstari wa vinne ni askofu mkuu, na msalaba ulio nyuma ya ngao huwa na miti miwili ya kukingama badala ya mmoja. Kofia ikiwa nyekundu na mistari ikafika mitano, ni kardinali. Zamani wachoraji walitofautiana. Hesabu ya 30 kwa makardinali iliwekwa na Roma mwaka 1832.

Kwa hiyo usichukue nembo ya kardinali ukaipaka kijani kwa kuwa inajaza nafasi vizuri. Kofia ya kijani yenye vishada 30 ni ya patriarki, askofu wa cheo cha juu kuliko askofu mkuu! Niliwahi kuletewa kasula, lile vazi la juu la Misa, imeshatariziwa hivyo kwa uzi wa dhahabu, siku mbili kabla ya kuwekwa wakfu. Tulifumua vishada 18, kimoja kimoja. Leteni mchoro kwanza, kitambaa baadaye.

Mitra, yaani kofia ndefu ya askofu, na fimbo ya kichungaji? Viliondolewa kwenye nembo za maaskofu kwa agizo la mwaka 1969. Kofia na msalaba vinatosha.

Kulia kwa ngao ni kulia kwa aliyeishika, yaani kushoto kwako unayeitazama. Ngao ikigawanywa kati ya jimbo na askofu, alama za jimbo hukaa huko.

Maana ya kutafakari imo ndani ya ngao, na hiyo aulizwe mwenye nembo, isibuniwe. Kwenye ngao ya Papa Fransisko wengi waliona kichala cha zabibu, wakaanza kufafanua Ekaristi. Lile ni ua la nardo, mmea wenye harufu nzuri, na linamwakilisha Mtakatifu Yosefu.