Malengo ya Kazi Hayajazwi kwa Cheo cha Baba

Wiki mbili hizi simu za ofisi yetu hazijapoa. Wazazi wa Kahawa, Lang'ata, Embakasi na Eastleigh wanapiga wakiuliza swali lile lile: mtoto wangu amepita, baba yake ni mwanajeshi, mbona fomu yake ya ufadhili imerudishwa? Wengine wanasema waziwazi kwamba watoto wa kambini wanabaguliwa. Mimi hushughulikia maombi ya ufadhili wa masomo katika chuo kimoja hapa Nairobi, na fomu za watoto wa wanajeshi hupitia mezani kwangu, wawe ni wa walio kazini, wastaafu au waliofariki katika utumishi. Nimeona nieleze hadharani, kwa sababu fomu nyingi zilizorudi msimu huu zilikuwa na alama za kutosha na stakabadhi zote. Zilikwama kwenye kipengele kimoja kifupi kinachouliza mwombaji ana malengo gani ya kazi.

Jibu ninalolisoma mara nyingi kuliko yote ni hili: "Nataka kulitumikia taifa langu kama baba yangu." Ni maneno ya heshima, na sina shaka yanatoka moyoni. Lakini mtoto wa koplo wa Gilgil ameyaandika, mtoto wa meja wa Lang'ata ameyaandika, na kamati inabaki na fomu mbili zisizotofautiana. Wengine hujaza nafasi yote kwa utumishi wa mzazi, kuanzia mwaka alioandikwa jeshini, vikosi alivyopitia, hadi safari za Somalia na nishani. Hayo tumeshayapata kwenye barua ya kikosi. Kwenye kipengele hiki tunamtafuta mtoto, na hatumwoni.

Yasichukuliwe kwamba maisha ya kambini hatuyataki kwenye fomu. Tunayataka sana. KDF, yaani jeshi la ulinzi la Kenya, iliingia Somalia Oktoba 2011, na mtoto aliyekuwa darasa la tatu kambi ya El Adde iliposhambuliwa tarehe 15 Januari 2016 sasa ana umri wa kuingia chuo. Tunasoma fomu za kizazi kilichokua baba akiwa mbali, kikijua sauti yake kwa simu kuliko kwa kikao cha jioni. Kijana huyo hahitaji kufundishwa maana ya utumishi. Shida ni kwamba anadhani maisha yake mwenyewe hayana uzito wa kuandikwa, ilhali ya baba ndiyo yenye uzito.

Nitatoa mfano mmoja, na nimebadilisha mambo madogo ili mwenyewe asitambulike. Binti mmoja aliandika kwamba anataka kuwa daktari asaidie jamii. Alama zake zilikuwa chini ya zile za udaktari, na fomu ingerudi. Kwa kuwa ilikuwa siku ya mahojiano, nilimuuliza anafanya nini likizo. Akasema humsaidia baba yake kufunga mguu wa bandia asubuhi, kwa sababu kikombe cha mguu huo, pale kigutu kinapoingia, humchubua, na mara mbili kwa mwaka humsindikiza kwenda kuurekebisha. Akanieleza kwa dakika kumi jinsi kigutu huvimba wakati wa joto, jinsi soksi ya pamba inavyopunguza msuguano, na kwa nini fundi mmoja hupima vizuri na mwingine hapimi. Nikamuuliza mbona hukuandika haya? Akanijibu, "Madam, nilidhani hayo ni mambo ya nyumbani."

Hayo mambo ya nyumbani ndiyo malengo ya kazi. KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, wana diploma ya utengenezaji wa viungo bandia na vifaa vya kusaidia viungo, na diploma zao hazidai alama za udaktari wa chuo kikuu. Binti yule alikuwa tayari anaifahamu kazi kuliko waombaji wengi wanaoitaja kwa jina tu. Aliandika upya ukurasa mmoja usiku ule, akauleta kesho yake, na sijawahi kuisoma fomu iliyonyooka namna ile.

Mwingine alihama shule sita, kutoka Nanyuki hadi Mtongwe, kisha Isiolo, kisha hapa Embakasi. Akawa ameandika anataka "kazi nzuri serikalini". Alipoulizwa zaidi, kumbe tangu darasa la sita yeye ndiye aliyekuwa akipanga vitu vya familia kila uhamisho ulipotoka: orodha, masanduku, nini kitangulie, nini kiuzwe. Leo anasoma ununuzi na ugavi. Wapo pia wanaotaka kuwa washauri nasaha kwa sababu wamemwona mzazi akirudi na usingizi uliokatika. Hao nawaomba wasome Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, waone kwamba fani hii ina usajili wake, na waandike wataanzia ngazi gani. Mwenye kutaka uhandisi ahakikishe kozi aliyochagua inatambuliwa na Bodi ya Wahandisi, na wa uuguzi aulize Baraza la Wauguzi. Lengo la kazi lisilojua mlango wake ni ndoto tu, na kamati haina kipimo cha ndoto.

Hili la ubaguzi niliseme mara moja. Kuwa mtoto wa mwanajeshi kunakufungulia nafasi ya kuomba. Hakukupi ufadhili. Mzee mmoja mstaafu alinikalia ofisini akasema, "Madam, nimeilinda nchi hii miaka 22, sasa mwataka nini tena kutoka kwangu?" Nilimjibu kwa adabu kwamba kwake hatutaki kitu zaidi. Tunamtaka mwanawe aongee.

Kuna na dhana nyingine inayonichosha, kwamba anayepokea ufadhili wa familia za wanajeshi lazima ajiunge na jeshi akihitimu. Hapana. Hakuna mkataba wa namna hiyo kwenye fomu yetu, na mwombaji asiandike anataka jeshi kwa kudhani ndilo jibu tunalolitafuta. Anayelitaka kweli, vizuri. Jeshi lina madaktari, wahandisi na wanasheria wake, na wengi huingia wakiwa na shahada mkononi. Lakini usajili wa KDF, uwe wa makurutu au wa makadeti wanaokwenda chuo cha kijeshi cha Lanet, hutangazwa wazi na hautozwi ada. Fomu ya chuo haikuombei nafasi huko, na mtu yeyote anayekuahidi kuviunganisha viwili hivyo kwa malipo anakuibia.

Wanaoishi Kahawa wanapita kila siku kando ya ushahidi kwamba kambi na chuo si mbali sana. Chuo Kikuu cha Kenyatta kilianzia kwenye kambi ya Waingereza iliyoitwa Templer Barracks. Serikali ya Kenya ilikabidhiwa kambi hiyo mwaka 1965, kambi ikawa chuo, na mwaka 1985 ikawa chuo kikuu kamili. Nawakumbusha vijana wa pale kila ninapopata nafasi.

Sasa stakabadhi, ambazo naona bado zinasumbua. Leteni barua ya kikosi inayothibitisha utumishi wa mzazi, yenye muhuri na tarehe ya mwaka huu. Barua ya mwaka jana haifai hata kama mzazi hajahama. Mstaafu alete cheti cha kuondoka jeshini, nakala iliyothibitishwa na wakili, pamoja na ile halisi tuione na kumrudishia hapo hapo. Kwa marehemu tunahitaji cheti cha kifo. Kibali cha mazishi hakitoshi. Cheti cha kuzaliwa cha mwombaji lazima kiwe na jina la mzazi kama lilivyo kwenye barua ya kikosi. Hapa ndipo wengi huteleza: baba aliandikwa jeshini kwa jina la ubatizo na la babu, cheti cha mtoto kikatumia jina la ukoo. Tofauti ndogo ya herufi inatatuliwa kwa hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo. Jina tofauti kabisa linataka hati rasmi ya kubadili jina, na hiyo huchukua muda, kwa hiyo msingoje wiki ya mwisho. Cheti kilichopotea huombwa kupitia eCitizen, na asiyeweza mtandao aende Huduma Centre, iwe GPO, Makadara au Eastleigh. Mtoto wa kulelewa alete amri ya mahakama. Kusoma Moi Forces Academy hakuthibitishi kwamba mzazi ni mwanajeshi, maana shule hizo huchukua pia watoto wa raia. Nimeshalieleza hili mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Msituletee picha wala video zilizopigwa ndani ya kambi. Kambi za jeshi ni maeneo yanayolindwa kisheria. Mwombaji anayetaka kuonyesha anakoishi aandike kwa maneno, bila kutaja kikosi cha mzazi kilipo sasa wala tarehe za safari zake. Nambari ya jeshi ya mzazi ikae ndani ya barua ya kikosi tu. Msiibandike kwenye makundi ya WhatsApp ya "tusaidiane kujaza fomu", ambako nimeiona kwa macho yangu.

Kuhusu kughushi. Chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kifungu cha 349, anayeghushi hati anaweza kufungwa hadi miaka 3. Kifungu cha 353 kinamshika pia anayeitumia hati hiyo akijua ni ya uongo, hata kama hakuitengeneza yeye, na adhabu ni kama ya aliyeighushi. Yaani mtoto wa miaka 18 aliyepewa barua ya kikosi na "mjomba anayejua watu" na akaiwasilisha, ndiye aliyeitumia. Tukitilia shaka barua tunaiuliza kwa waliotajwa kuitoa. Hatubishani na mwombaji kaunta. Jibu likija kwamba haijulikani, ombi linafutwa, na tunalazimika kulifikisha jambo lenyewe kwa wanaohusika. Naliandika hili bila kufurahia. Vijana wawili niliowaona katika hali hiyo walikuwa na haki ya ufadhili, barua halisi ingepatikana, na aliyewaharakisha ndiye aliyewaponza.

Ufadhili wetu haukuzuii kuomba mkopo wa HELB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu), basari ya NG-CDF (mfuko wa maendeleo wa eneo bunge) au ya kaunti, mradi uzitaje zote kwenye fomu. HELB si zawadi, na hapa naomba wazazi wanisikilize. Mkopo wa shahada ya kwanza una riba ya asilimia 4 kwa mwaka, marejesho huanza mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, na anayekaa bila kulipa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Tangu mfumo mpya wa ufadhili uanze mwaka 2023, hali ya familia ndiyo inayopimwa. Mshahara wa jeshi unaonekana kwenye hati ya malipo, kwa hiyo mjaze mapato kama yalivyo pamoja na wote wanaotegemea mapato hayo. Kuyapunguza ni uongo, na kuwasahau ndugu watatu walio sekondari ni kujinyima.

La Marekani nalo limekuwa kero msimu huu. Kuna orodha inayozunguka simu hadi simu yenye misaada ya watoto wa wanajeshi, na wazazi wanaleta nakala wakiuliza tunaifungua lini. Misaada hiyo ipo kweli, lakini ni ya familia za jeshi la Marekani. Mpango wao wa Scholarships for Military Children ulianza mwaka 2001. Upo pia ule unaoitwa Fry, wa watoto wa wanajeshi wao waliofariki kazini kuanzia tarehe 11 Septemba 2001. Vilevile sheria yao humruhusu mwanajeshi aliyetumikia angalau miaka 6, akakubali kuongeza 4, kumhamishia mtoto haki yake ya masomo. Baba aliyefanya mazoezi pamoja na Wamarekani kwenye kambi ya Manda Bay, Lamu, hajawa mmoja wao kwa hilo. Mama mmoja alikuwa ameshalipa "ada ya usajili" kwa aliyemletea orodha hiyo. Fedha hazikurudi, na fomu yetu ya bure ilikuwa imefungwa siku nne kabla hajaja.

Aliyerudishiwa fomu ana nafasi ya kuirekebisha. Usitume fomu mpya, maana inazaa faili la pili na yote mawili husimama. Andika upya kipengele cha malengo kwenye karatasi tofauti, weka namba ya ombi juu, tia sahihi, ilete au itume kwa anwani iliyo kwenye barua tuliyokuandikia. Andika ulichokifanya kwa mikono yako, kozi gani inakiendeleza, na utaanza kazi ukiwa nani. Kiswahili ni sawa. Kiingereza ni sawa. Usimpe mtu wa cyber akuandikie. Tumekuwa na aya moja iliyofanana neno kwa neno kwenye fomu tano, na sijui niwaamini wangapi kati ya hao watano.

Na sahihi ya mzazi. Wengi wanaichelewesha fomu wakimngoja baba arudi kutoka kazini, kwa kuwa yeye ndiye mwanajeshi. Mama anatosha. Mlezi mwenye amri ya mahakama anatosha. Mwezi uliopita nilipokea fomu iliyokamilika kila mahali, na malengo yaliyoandikwa vizuri ajabu, ikiwa imechelewa siku tisa kwa kungoja sahihi ya baba aliyekuwa nje ya nchi. Mama ndiye aliyeileta. Alikuwa na kalamu mkobani.