Wakfu wa chuo cha ufundi haujengwi na tajiri mmoja

"Bila mfadhili mkubwa hatuwezi kuanza"

Hili ndilo husemwa kwanza bodi ya wakfu wa chuo cha ufundi, yaani mfuko wa michango ya kukisaidia chuo, inapokaa, na ndilo huchelewesha kazi kuliko lolote jingine. Historia ya Kenya inalikanusha waziwazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wananchi wa sehemu mbalimbali walianzisha taasisi za teknolojia kwa harambee. Taasisi ya Kimathi kule Nyeri ilianza 1972, na miongoni mwa waliochanga walikuwa wakulima wa kahawa. Leo ndiyo Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi. WECO (Western College) ya Kakamega ilizaliwa kwa njia hiyohiyo, nayo sasa ni Chuo Kikuu cha Masinde Muliro.

Hata Mombasa, ambako wenye mali walikuwepo kweli, hakuna aliyeubeba mzigo peke yake. MIOME, taasisi ya elimu ya Waislamu iliyopokea wanafunzi wake wa kwanza 1951, ilichangiwa na Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, jamaa wa Kibohora na serikali ya kikoloni. Mwaka 1966 ikageuzwa kuwa Mombasa Technical Institute, na sasa ndiyo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Angejitoa mmoja wa wachangiaji wale, wengine wangalikuwepo.

"Harambee moja kubwa inatosha"

Inatosha kusimamisha jengo. Taasisi nyingi za miaka ya sabini zilipata majengo, kisha gharama za kila mwezi zikawalemea walioyajenga, na mwishowe serikali ikalazimika kuubeba mzigo. Karakana hula kila siku. Mwanafunzi anayejifunza kuchomelea humaliza vijiti vingi na vipande vingi vya chuma kabla mshono wake haujakaa sawa. Kuna umeme wa fezi tatu, mafuta ya mashine, miwani na glavu. Hakuna mgeni rasmi anayekata utepe mbele ya pakiti ya vijiti vya kuchomelea, kwa hiyo lazima bodi iviombee fedha kwa jina lake, na kwa mwaka mzima. Tena ahadi iliyotangazwa kwenye kipaza sauti isihesabiwe kuwa fedha mpaka iingie benki.

"Wahitimu wetu ni mafundi tu, hawana kitu"

Dhana hii inaniudhi, kwa sababu inawadharau watu ambao chuo chenyewe kimewafundisha. Tufanye hesabu. Katika mpango wa karo uliotangazwa 2018, mwanafunzi wa chuo cha ufundi alitozwa KSh 56,420 kwa mwaka, serikali ikamlipia 30,000, zikabaki 26,420 za mzazi. Wahitimu 100 wakituma KSh 250 kila mwezi kwa M-Pesa, mwaka ukiisha wametoa 300,000. Hizo zinaziba pengo la wanafunzi 11. Fundi mwenye gereji yake haumizwi na 250. Linalomuumiza ni kuombwa na watu waliomsahau tangu siku alipochukua cheti.

Kazi ngumu basi ni daftari: nani alisoma nini, yuko wapi, namba yake ya simu ni ipi. Vyuo vingi vina majina ya wahitimu bila namba hata moja. Anzeni hapo, darasa kwa darasa, na mwakilishi wa kila darasa awe mtu ambaye wenzake wanamwamini. Halafu rudisheni taarifa. Aliyetuma 250 apate ujumbe kila muhula: zimeingia kiasi gani, zimelipia nini, zimebaki ngapi. Akaunti ya wakfu iwe mbali na ya chuo, na fedha iliyochangwa kwa ajili ya karo isinunue dizeli ya gari la mkuu, hata kama itarudishwa wiki ijayo. Uvumi mmoja wa aina hiyo ukienea kwenye kundi la WhatsApp, michango hukauka.

"Kampuni hutoa kwa huruma"

Hutoa zikiona faida. Mwajiri Kenya tayari analipa ushuru wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, KSh 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, na atawakumbusha. Mwendeeni na hoja ya mafundi anaowahitaji, mkubaliane kuhusu nafasi za mafunzo kazini, kisha ndipo mzungumzie ufadhili.

"Mashine ya msaada ni ya bure"

Kuna nauli ya meli, ushuru, ufungaji na vipuri. Kuna pia umeme wenyewe. Mota ya kawaida iliyotengenezwa kwa umeme wa Marekani, wa hezi 60, ikiunganishwa kwenye wetu wa hezi 50 huzunguka polepole zaidi: penye mizunguko 1,800 kwa dakika inabaki takriban 1,500, na volti nazo zisipolingana inaweza kuungua. Kabla ya kukubali, ombeni namba ya modeli na picha ya kibati cha mota chenye vipimo vyake, mpeni mwalimu wa karakana aikague. Ikiwa haifai, bodi ina haki ya kuikataa kwa barua ya heshima inayotaja kifaa kinachohitajika badala yake, pamoja na bei yake.