Cheti cha mgambo si leseni ya ulinzi: dhana potofu na ukweli

Kampuni za ulinzi za Arusha hupenda kuajiri waliopitia mgambo (jeshi la akiba) au JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), na si bure. Mtu aliyepikwa na wakufunzi wa jeshi, JWTZ, anajua kukaa lindo, kupokea amri na kushika silaha bila kuwatisha walio jirani. Tatizo ni kwamba cheti chake hubebeshwa madaraka ambayo hakina, na anayeumia mara nyingi ni mlinzi mwenyewe.

“Mgambo anakamata kama polisi, popote alipo.”

Sheria ya mgambo ya mwaka 1975 kweli inampa mgambo uwezo wa kukamata sawa na wa konstebo, lakini akiwa kwenye kazi ya mgambo. Aliyepangwa doria ya kata pale Sakina anao uwezo huo. Jioni akivaa sare ya kampuni na kukaa getini Njiro, huyohuyo ni raia. Anaweza kumkamata anayetenda kosa kubwa mbele ya macho yake, au anayeharibu mali aliyokabidhiwa kuilinda. Baada ya hapo anatakiwa kumkabidhi polisi bila kuchelewa.

Hapa ndipo kesi nyingi nzuri hufia. Mwizi anakamatwa saa nane usiku, anafungiwa kwenye kibanda cha mlinzi, anapigwa, halafu tajiri anasubiriwa aamke aamue. Kufika asubuhi mtuhumiwa anahitaji PF3, yaani fomu ya polisi ya matibabu, mlinzi naye ana kosa la kujibu. Betri ya gari iliyoibwa imeshashikwa na watu watano, na hakuna anayeweza kuieleza mahakama ilitoka mkononi mwa nani kwenda kwa nani.

Fanya hivi: piga simu polisi na kwa msimamizi wako papo hapo. Andika kwenye kitabu cha matukio saa, mahali, ulichokiona kwa macho yako na vitu vilivyokutwa. Vitu hivyo vishikwe na mtu mmoja hadi polisi wafike, na ukivikabidhi andika nani kavipokea. Usimpekue simu, usimlazimishe kukiri, usimpige picha za kurusha WhatsApp. Kisha nenda kituoni ukaandike maelezo, maana wewe ndiye shahidi.

“Nimefunzwa bunduki, kwa hiyo naruhusiwa kuibeba.”

Kufunzwa ni kitu kimoja, leseni ni kingine. Silaha za raia na za kampuni ziko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Bunduki ya lindo inamilikiwa na kampuni, na ruhusa ya kuibeba inaishia kwenye kazi uliyopangiwa. Ukitoka zamu asubuhi ukapanda nayo daladala kwenda kulala Ngaramtoni, cheti cha mgambo hakitakutetea. Kila mnapobadilishana zamu, soma namba ya bunduki, hesabu risasi mbele ya mwenzako, wote wawili muweke sahihi. Risasi moja ikipungua, kitabu hicho ndicho kitakachoonyesha ilipungulia zamu ya nani. Tunasisitiza hili kwa sababu usiku wa baridi watu hukimbilia kutia sahihi bila kuhesabu.

“Ninahitaji leseni yangu binafsi, kama Kenya.”

Kenya ilitunga sheria yake mwaka 2016, ikaunda mamlaka inayosajili hata mlinzi mmojammoja. Wanaovuka Namanga kutafuta kazi hurudi na habari hiyo. Upande wetu, Tanzania, kibali cha Jeshi la Polisi huombwa na kampuni. Kwa hiyo kabla hujakubali ajira, uliza kibali hicho. Kusajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, pekee hakutoshi. Wewe utaombwa cheti cha mafunzo, kitambulisho cha taifa (NIDA), barua ya serikali ya mtaa, wadhamini na alama za vidole.

“Mlinzi ni askari, sheria ya kazi haimhusu.”

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imewaacha nje wanajeshi wa JWTZ, polisi, magereza na JKT. Mlinzi wa kampuni binafsi hayumo kwenye orodha hiyo, hata kama ni mgambo, kwa hiyo sheria inamlinda.

Saa za kawaida ni 45 kwa wiki. Zamu ya saa 12 kwa siku sita ni saa 72, yaani 27 za ziada. Kwa wiki nne zinafika 108, wakati kikomo cha kisheria ni 50. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu ya ujira wa saa ya kawaida. Kila saa kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5: kama saa yako ni shilingi 1,000, usiku mzima wa saa kumi ni shilingi 500 juu ya ujira wako.

Piga picha ratiba ya zamu kila mwezi na tunza hati za mshahara. Madai ya malipo hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu mgogoro uanze. Ukiachishwa kazi isivyo halali, muda ni siku 30 tu.